Msaada: kupanga kadi za sigara za besiboli (T206 na jamaa zake), kujua bandia, na kuzikinga na unyevu wa Dar

MtaaWaLindi

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa mnaozijua kadi za zamani za sigara za Marekani, zile zenye picha za wachezaji wa besiboli.

Nilizo nazo zimebandikwa kwenye albamu ya karatasi nyeusi, chache zimebanduka zenyewe. Hizo zilizobanduka nimezipima. Nyingi ni kama milimita 36.5 kwa 66.7, ukingo mweupe, na chini ya picha kuna jina la mchezaji na mji kwa wino wa kahawia. Mgongoni ni matangazo ya sigara: Piedmont ndiyo nyingi, Sweet Caporal zinafuata, Hindu moja, American Beauty moja. Hii American Beauty ni nyembamba, haifiki hata 35.5 kwa upana, na inanitia shaka kwamba kuna mtu aliikata. Kuna moja ina ukingo wa dhahabu. Halafu kuna Mathewson wa kofia nyeusi, inang'aa kuliko zote na kona zake nne zimelika sawasawa.

Nataka kujua: zinapangwaje, maana hazina namba? Hiyo nyembamba na huyo Mathewson nizionaje? Zilizogandia albamu nizitoeje? Na kwa hali ya hewa yetu hii nizihifadhi vipi? Nipo Ilala, masika yakianza kila karatasi ndani inalegea.

---

KaratasiKongwe

Karibu mkuu. Hizo za ukingo mweupe na wino wa kahawia ni T206, zilizotolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Namba "T206" haikutoka kiwandani. Ni ya Jefferson Burdick, aliyeanza kuchapisha orodha yake ya kadi za Marekani mwaka 1939, na mpangilio wake ndio tunaoutumia hadi leo. Herufi inaonyesha kadi ilitoka na bidhaa gani: N ni tumbaku ya karne ya 19, T ni tumbaku ya karne ya 20, E ni peremende za mwanzo, R ni peremende na chingamu za miaka ya 1930 kwenda mbele. Mkusanyiko wake mwenyewe aliukabidhi kwa Metropolitan Museum of Art, New York.

Waliozoea kadi za Wills na John Player za Uingereza hukwama hapa, kwa sababu zile zina namba mgongoni na hizi hazina. Kwa T206 unapanga kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja, uso na mgongo. Ukiandika uso peke yake umeandika nusu ya kadi.

Uso kwanza. Hesabu inayokubaliwa na wengi ni nyuso 524, na mchezaji mmoja anaweza kuwa na kadi kadhaa. Ty Cobb anazo nne: picha ya kichwa yenye nyuma nyekundu, picha ya kichwa yenye nyuma ya kijani, gongo likiwa begani, na gongo likiwa nje ya bega. Mathewson anazo tatu, Cy Young tatu, Walter Johnson mbili. Kwa hiyo usiandike "Cobb" ukaishia hapo, andika na pozi. Halafu soma fulana. Johnny Evers mwenye gongo yuko wa aina mbili, mmoja kifuani ameandikwa CHICAGO na mwingine CUBS, na hizo ni kadi mbili tofauti kabisa. Kisha soma mji. Mchezaji akihama timu, kiwanda wakati mwingine kilibadilisha maandishi: Dahlen yuko wa Boston na yuko wa Brooklyn. Kwa miji yenye timu mbili, kama New York na Chicago, tazama NAT'L (ligi ya Taifa) au AMER. (ligi ya Amerika) baada ya jina la mji, ndiyo inayokuonyesha ligi.

Sasa mgongo, na hapa ndipo penye utamu. Andika mambo manne: chapa ya sigara, idadi ya "subjects" (yaani picha za mfululizo) iliyotajwa (150, 350, 350-460 au 460), namba ya kiwanda iliyo chini kwa herufi ndogo, na rangi ya wino. Idadi hiyo ndiyo inayokupa toleo. Za 150 ndizo za mwanzo, za 460 ndizo za mwisho. Piedmont ya kawaida ni wino wa buluu, kiwanda namba 25 cha Virginia. Ukikuta Piedmont 350-460 ya kiwanda namba 42 cha North Carolina, iweke pembeni, hiyo si ya kawaida. Sweet Caporal ni wino mwekundu. Viwanda vyake ni 25 na 30, na 42 kwenye 350-460, halafu kuna za 150 zilizogongwa juu yake namba 649. Hindu yako tazama rangi. Ya kahawia ni adimu kiasi, nyekundu ni adimu zaidi.

Kama Hindu hiyo ya kahawia ina mchezaji wa timu ya kusini mwa Marekani, umeshika mmoja wa wale 48 wa ligi za kusini. Hao wana migongo ya aina tatu tu: Old Mill, Piedmont 350 na Hindu ya kahawia. Mmoja wao akikujia na mgongo wa chapa nyingine, kama Sovereign, huna haja ya kutafuta lenzi, ni bandia.

American Beauty yako usiihukumu. Kadi za chapa hiyo zilikatwa nyembamba tangu kiwandani, pungufu kama milimita moja na nusu kwa upana, ili ziingie kwenye pakiti yake. Ingekuwa Piedmont yenye upana huo, hapo ningekuwa na wasiwasi.

Ya ukingo wa dhahabu ni T205, ya 1911. Mgongoni utakuta maelezo ya mchezaji, si tangazo tu. Iweke kundi lake. Na kama ndani ya albamu kuna zinazofanana na T206 lakini maandishi ya chini ni ya buluu, hizo si T206, zimechukua picha zilezile tu. Soma mgongo kama ni Coupon (T213) au Red Cross (T215). Zenye mandharinyuma ya kahawia iliyokoza ni T207, za 1912.

Mimi napanga hivi: kundi kwanza, kisha toleo (150, 350, 460), kisha alfabeti ya jina.

---

BintiUpanga

Nakubaliana na Kongwe karibu yote, ila kwa mkusanyiko mdogo ningepanga kwa mgongo kwanza. Ukipanga kwa alfabeti, kadi ya chapa adimu kama Drum au Uzit au Lenox inazama katikati ya Piedmont na huioni tena, na hizo ndizo zinazobeba thamani hata mchezaji akiwa hajulikani. Kuna wanaokusanya migongo tu, hawajali uso ni wa nani.

Nije kwa Mathewson. Inang'aa na kona nne zimelika sawasawa: dalili zote mbili ni mbaya. Kadi iliyopita mikononi mwa watu zaidi ya miaka mia hailiki kwa usawa. Kona moja inakuwa butu, nyingine ina mkunjo, ya tatu iko nzima. Anayetengeneza bandia huchukua nakala ya kisasa, akailoweka kwenye chai au kahawa, akaisugua kona zote kwa msasa. Matokeo yake ndiyo hayo uliyoyaeleza.

Usiniamini kwa maneno, ikague mwenyewe. Vifaa vyote vinapatikana hapa mjini.

Lenzi ya mara 10, ile ya sonara. Anza na maandishi ya jina. Kwenye kadi halisi kila herufi ni wino mzito ulioshiba, ukingo wake umejaa. Kwenye nakala nyingi herufi zimejengwa kwa vitone vidogo na ukingo wake una manyoya. Kisha nenda kwenye shavu la mchezaji na anga la nyuma. T206 zilichapwa kwa litografia, rangi moja baada ya nyingine, kwa hiyo utaona vitone visivyo na mpangilio mkali pamoja na maeneo ya rangi tupu. Chapa ya kisasa inaonyesha vitone vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kwa duara ndogondogo kila mahali, hata pale macho yanapoona rangi moja tu. Ukishaona tofauti hiyo hutaisahau.

Tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti madukani. Zima taa, funga pazia, imulike kadi ukiwa na nyingine unayoiamini pembeni yake. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1940 zina dawa ya kung'arisha na zinawaka buluu-nyeupe. Ya 1910 haiwaki, inabaki imefifia kama krimu. Angalia kitu kimoja: kadi halisi inaweza kuwa na doa linalowaka palipoingia gundi mpya au sabuni. Doa si hoja. Ikiwaka uso mzima na kingo zote, ni karatasi ya kisasa. Na isipowaka usishangilie, karatasi isiyo na dawa hiyo bado inatengenezwa. Kwa hiyo lenzi na tochi ziende pamoja.

Kalipa ya kupimia. Pima upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Kadi iliyokatwa na mtu mara nyingi inatofautiana juu na chini, au ukingo mmoja ni mkali na mweupe wakati uso wote umechakaa. Hili ni kosa kubwa machoni pa wakusanyaji kuliko kona butu. Kadi ya Honus Wagner yenye sifa kuliko zote, ile iliyopewa daraja la 8 na PSA (kampuni ya Marekani inayokagua kadi na kuzipa daraja), mfanyabiashara aliyewahi kuiuza alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliikata kingo.

---

Kigamboni_K

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Kuna jamaa mtandaoni ananiuzia Honus Wagner, T206, mgongo wa Old Mill, anasema ni ya urithi na ana haraka ya fedha. Picha ina jina WAGNER, PITTSBURGH. Mnasemaje?

---

KaratasiKongwe

Ndugu yangu, usitume hata shilingi.

Wagner wanaojulikana ni kama 60 hivi duniani kote, na migongo yao ni Sweet Caporal 150, wachache Piedmont 150. Old Mill haimo. Pili, tahajia. Kwenye kadi halisi imeandikwa WAGNER, PITTSBURG, bila H mwishoni, na kifuani kwenye fulana hivyohivyo. Kati ya 1891 na 1911 jina rasmi la mji huo liliandikwa bila H. Aliyeitengeneza hiyo aliandika kama linavyoandikwa leo. Tatu, Wagner aliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mwenye nayo hatafuti mnunuzi kwa ujumbe wa simu.

Uzoee huu ukaguzi wa uso dhidi ya mgongo, unaokoa kuliko kifaa chochote. Sherry Magee aliyeandikwa kimakosa MAGIE yuko kwenye Piedmont 150 peke yake. Demmitt wa St. Louis na O'Hara wa St. Louis wako kwenye Polar Bear peke yake. Joe Doyle mwenye maandishi N.Y. NAT'L ni kosa la kiwanda, kwa sababu huyo alichezea New York ya ligi ya Amerika, na lilirekebishwa kwa kufuta NAT'L. Ndiyo maana wahuni huchukua Doyle wa kawaida wakaongeza neno hilo kwa mkono. Weka lenzi hapo kwenye NAT'L na ulinganishe wino na N.Y. iliyo kushoto kwake: ukolevu wake, kina chake, mstari wa chini unakaa sawa au umepanda.

---

FundiJalada

Mimi nashughulika na majalada na karatasi kuukuu, nijibu la kuzibandua.

Usivute, na usitumie mvuke wa birika. Mvuke unalowesha upande mmoja, kadi inajikunja na tabaka za karatasi zinaachana. Ukivuta kwa nguvu unabakiza maandishi ya mgongoni kwenye albamu, na kadi iliyochunwa mgongo imepoteza nusu ya utambulisho wake, kama alivyosema Kongwe.

Karatasi nyeusi ndiyo adui hapa, kuliko gundi. Rangi yake hutoka kwenye maji. Kabla ya lolote, chukua pamba iliyolowa kidogo, iguse karatasi ya albamu mahali pasipo na kadi kwa dakika moja. Pamba ikigeuka ya kijivu au zambarau, jua rangi inatoka, na utafanya kazi polepole zaidi.

Kata ukurasa kuzunguka kadi, bakiza sentimita moja kila upande. Geuza, na ukiwa pakavu uanze kuchambua karatasi nyeusi tabaka kwa tabaka kutokea nyuma, kwa kisu butu cha plastiki, hadi ibaki ngozi nyembamba tu. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayopunguza rangi itakayoingia majini. Kisha andaa maji yaliyochujwa kwa mvuke kwenye sinia la plastiki au kioo, kina cha sentimita mbili hivi, joto la kawaida la chumbani. Yapo kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo na itakula kadi. Maji ya bomba yaache, ya visima vyetu vingi yana chumvi.

Laza kadi uso juu. Maji yakianza kubadilika rangi, yamwage, weka mapya, hata kama ni mara tano. Gundi ya unga hulegea ndani ya nusu saa hadi saa mbili. Wakati wake ukifika, karatasi inateleza yenyewe ukiisukuma kwa kidole. Isipoteleza, rudisha majini. Usisugue picha kamwe. Wino wa T206 ni wa mafuta na hautoki kwa maji, lakini kama mtu aliwahi kuongeza rangi kwa kalamu, utaiona ikiondoka, na hapo umegundua kadi iliyorembwa.

Toa kwa kuichota na kipande cha plastiki chini yake, maana kadi iliyolowa ukishika kona inachanika. Iweke kati ya karatasi mbili za kunyonya maji, nyeupe na laini. Zile za jikoni zenye michoro ya kubonyea zitaacha michoro kwenye kadi. Badilisha baada ya dakika 15, tena baada ya saa moja, kisha kila siku. Juu yake kioo bapa na uzito wa kilo mbili au tatu. Siku nne zinatosha kiangazi, masika subiri wiki. Usianike juani na usipige pasi.

T205 ya dhahabu usiiloweke kama si lazima. Dhahabu yake hubanduka kwenye kingo hata ikiwa kavu. Na zile N172 Old Judge za miaka ya 1880, ambazo ni picha halisi ya kamera iliyobandikwa kwenye kadi, zisikaribie maji kabisa.

Ukija kuuza, mwambie mnunuzi kwamba zilitolewa kwenye albamu kwa maji.

---

BintiUpanga

Shukrani Fundi, hiyo ya kuchambua pakavu kwanza ni ya dhahabu.

Kuhusu hali ya hewa: ukungu huanza unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na Dar tunaupita huo sehemu kubwa ya mwaka. Lengo ni 40 hadi 50. Kutegemea kiyoyozi peke yake ni hatari, kwa sababu umeme ukikatika chumba kinarudi kwenye unyevu saa hiyohiyo, na kadi ya baridi ikikutana na hewa ya nje inatoa jasho.

Tumia boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, lenye alama ya namba 5 chini, yaani polipropilini. Ndani weka kipimo kidogo cha unyevu na vifuko vya silika. Kwa boksi la lita tano anza na gramu 50, subiri siku mbili, soma kipimo, uongeze au upunguze. Ukishuka chini ya 35 kadi zinaanza kupinda, kwa hiyo nyingi si bora. Chukua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba, unaikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili inarudi. Mchele hausaidii, unaita wadudu. Dawa ya nondo ya vidonge usiiweke, inalainisha baadhi ya plastiki na harufu yake haitoki.

Mifuko ya kadi iwe ya polipropilini au maila (plastiki ya poliesta), isiyonuka. Kurasa za zamani za vinaili zenye harufu ya pazia jipya la bafuni hutoa kemikali inayonata kwenye wino. Kadi za kawaida za sigara za Uingereza ni takriban 68 kwa 36, kwa hiyo kurasa zinazouzwa kwa ajili yake zinazikubali T206, ila jaribu moja kwanza isije ikabana kingo. Usilaze boksi sakafuni wala ukutani upande wa bafu.

---

MtaaWaLindi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemulika Mathewson: inawaka nzima, mbele, nyuma na kingo. Kwa lenzi herufi za jina zina vitone. American Beauty haiwaki, upana ni uleule juu hadi chini. Hindu ni ya kahawia, na mchezaji ni wa Nashville!

Swali la mwisho. Nizipeleke Marekani zikapewe daraja?

---

KaratasiKongwe

Nashville ni timu ya kusini, hongera. Hindu ya kahawia yenye mchezaji wa kusini hiyo ndiyo inayostahili kupelekwa PSA au SGC, kampuni nyingine ya kutoa madaraja. American Beauty ifikirie, kutegemea mchezaji ni nani. Piedmont za wachezaji wa kawaida zenye mabaki ya gundi hazitarudisha nauli ya kwenda na kurudi, acha kwenye mifuko yako. Mathewson iandike NAKALA kwa penseli mgongoni, ili hata mwanao asije akaiuza kama halisi.

Kabla ya kutuma chochote, piga picha mbele na nyuma kwa skana, nukta 600 kwa inchi, halafu uandike kila kadi mstari mmoja hivi:

T206 / Evers, Chicago Nat'l / gongo, CUBS kifuani / Piedmont 350, kiwanda 25 / 36.4 x 66.6 / kona mbili butu, gundi kidogo mgongoni / imelowekwa

Ukishaziandika zote, weka orodha humu tuipitie pamoja. Hiyo ya Nashville ianze, pande zote mbili.